Jumanne na Ijumaa za Mama Mitchell

Jumatatu, 4 Oktoba 1999

Nimenunua shajara hii leo karibu na soko la Thika kwa bei ya kutupa, kwa sababu mwaka umebaki miezi mitatu na hakuna anayetaka kulipia kurasa za siku zilizokwisha pita. Mimi nitaanzia hapa. Jina nimeliandika ndani ya jalada: Nadira Swaleh, karani. Nafanya kazi Ruiru, nakaa Kiganjo na Mama, kwenye ploti ya vyumba vya kupanga, milango sita.

Kazini tumepata mgeni. Kiwanda chetu hutengeneza vifungo na zipu, na wanunuzi wa ng'ambo wamesema mwaka ujao hawatachukua hata kifungo kimoja kama hatuna cheti kwamba kompyuta zetu zitauvuka mwaka elfu mbili salama. Basi Bwana Dismas, meneja wa wafanyakazi, amemleta fundi wa Nairobi aitwaye Muzammil kutia programu mpya kwenye kompyuta ya langoni. Ndiyo inayosoma kadi. Kila anayeingia anapitisha kadi yake, jina linabaki ndani, na mimi nikifika saa mbili natoa orodha ya waliokuja na wasiokuja. Kutoka jioni hakuna kadi, kuna kupekuliwa mifuko tu. Zamani wasimamizi ndio walioandika kwa mkono, na walikuwa wakiwaandika hata binamu zao walioko matangani. "Mashine haina shemeji," Bwana Dismas hupenda kusema.

Muzammil alinipa karatasi nitie sahihi kwamba programu imewekwa na inafanya kazi. Nikatia. Ilikuwa inafanya kazi.

Jumatano, 6 Oktoba

Mawingu bila mvua. Mama analalamika magoti.

Jumanne, 12 Oktoba

Mvua ya vuli imeanza leo, ya mawe, ikatukuta kazini. Niliporudi nilidhani nguo zangu zimeoga upya kwenye kamba, kumbe Mama Mitchell alikuwa ametangulia kufika akazianua zote, zangu na za Mama, akazikunja. Mama Mitchell ni jirani wa mlango wa pili, jina lake Selpha Nakhumicha, mtu wa Bungoma. Sisi wawili ndio pekee wa ploti hii tunaofanya kazi kiwanda kimoja, ila yeye yuko upande wa kupakia na mimi niko ofisini, kwa hiyo hatuendi pamoja. Yeye hutoka saa kumi na moja alfajiri. Kwao lango hufungwa saa moja, na alishawahi kufungiwa nje mara moja mwaka wa kwanza, tangu hapo anaogopa.

"Nadira, wewe utaoza na maji," aliniambia. "Nguo zako ni kama hazina mwenyewe."

Ijumaa, 15 Oktoba

Naona waliokosa leo ni wengi kidogo. Mvua, nadhani. Dalmas, askari wa lango, ananiambia, "Hiyo TV yako asubuhi ililala kidogo, ikaamka." Nimemwambia ni stima tu, umeme ulipotea.

Alhamisi, 21 Oktoba

Jana ilikuwa sikukuu, nililala mpaka saa nne.

Leo nimeona kitu nisichokipenda. Nilikuwa nikipanga orodha za wiki tatu hizi nikakuta jina la Nakhumicha S. katika wasiokuja. Si mara moja. Tarehe tano, nane, kumi na mbili, kumi na tano, kumi na tisa. Nikachukua kalenda. Zote Jumanne na Ijumaa.

Na tarehe kumi na mbili ndiyo siku aliyoanua nguo. Alifika nyumbani kabla yangu.

Jumanne, 26 Oktoba

Niliamka saa kumi na moja kasoro makusudi, nikachungulia dirishani. Alitoka na mwavuli wake uliovunjika ubavu mmoja, amevaa dasti koti ya kiwanda, lile koti jepesi la kazi, chini ya sweta. Saa mbili nikatoa orodha. Hayumo.

Sasa anakwenda wapi na dasti koti ya kiwanda?

Ijumaa, 29 Oktoba

Orodha ya mwezi imetoka. Watu kumi na mmoja wamekosa siku sita au zaidi bila ruhusa, na sheria ya kiwanda ni kwamba sita ni barua. Selpha ana siku nane. Bwana Dismas alipitisha kalamu kwenye majina polepole kama mtu anayesoma menyu. Nikamwambia mmoja ni jirani yangu.

"Basi unamjua," akasema. "Ni mtu wa aina gani?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilisema, "Ni mtu wa kawaida tu."

Jumatano, 3 Novemba

Mvua tangu usiku wa juzi. Choo cha ploti kimefurika. Sitaki kuandika zaidi.

Ijumaa, 5 Novemba

Barua zimetolewa. Trizah, msimamizi wa kupakia, alipanda ofisini akiwa bado na nyuzi za zipu nyweleni.

"Madam Nadira, Selpha amekuwa kwa meza yangu kila siku. Kila siku! Mimi mwenyewe ndio nampatia katoni."

Bwana Dismas alimsikia akatoka chumbani kwake. "Trizah, wewe na Selpha mnasali kanisa moja?"

"Ndiyo, lakini..."

"Ndiyo maana tulinunua mashine." Akamwonya kwamba akiendelea kuwafunika watu, barua ya kumi na mbili itakuwa yake. Trizah aliniangalia mimi, hakumwangalia yeye. Mimi nikaendelea kupanga karatasi. Niliamini kabisa kwamba anadanganya. Naandika hivi ili nisije baadaye nikajidai nilikuwa na shaka.

Jumapili, 7 Novemba

Siku mbaya. Nitaiandika yote.

Kiasi cha saa kumi alasiri Baba Mitchell alibisha. Jina lake Nicanor, mwashi, mtu mkimya, mikono yake daima ina simiti kwenye mikunjo. Alikuwa ameshika barua. Alisema ameiona chini ya godoro, na kwa kuwa ni Kiingereza cha ofisi, anaomba nimsomee, "wewe ndio unafanya huko." Mkewe alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya.

Nilimsomea. Kukosa kazi siku nane bila ruhusa. Onyo la mwisho.

"Hiyo ni uongo," akasema. "Mke wangu anatoka hapa kila siku."

Hapo ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema mimi ni karani tu, muulize mwenyewe. Badala yake nilisema, "Kompyuta haikosei, Baba Mitchell. Kadi yake haikupita."

"Siku gani?"

Nikamwambia. Hakuniuliza kama kuna mpangilio, mimi ndiye niliyeuongeza. "Ni Jumanne na Ijumaa. Kila wiki. Hakuna siku nyingine."

Aliyarudia maneno hayo taratibu, Jumanne na Ijumaa, kana kwamba yalikuwa jina la mtu. Akanishukuru. Alinishukuru vizuri, akakunja barua, akaenda.

Kwa nini niliongeza? Nimekaa hapa najiuliza. Nadhani nilifurahia kujua kitu. Miaka sita nimekuwa nikitoa orodha ambazo hakuna anayeniuliza maana yake, na leo mtu alisimama mlangoni pangu akisubiri neno langu.

Mama Mitchell aliporudi kutoka kanisani tulisikia kila kitu, ukuta wetu ni wa mabati na gazeti. "Jumanne uko na nani? Ijumaa uko na nani?" Alikuwa akijibu, "Niko kwa meza ya kupakia, Nicanor, niko kwa meza!" Halafu hakujibu tena, tukasikia sufuria zikianguka na mtoto akilia. Mama aliniangalia, akasema niende nikabishe. Nilichelewa kuvaa viatu. Majirani wa mlango wa tano walitangulia.

Jumanne, 9 Novemba

Saa kumi na moja kasoro, mvua nyembamba, alibisha kwetu. Mdomo wake umevimba upande mmoja.

"Nadira, ulimwambia nini?"

"Nilimwambia ukweli. Kilichoandikwa."

"Mimi napitisha kadi. Taa ya kijani inawaka, Dalmas ananiona, naingia. Kila siku." Hakuwa amekasirika, na hilo lilinisumbua zaidi. Aliongea kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Leo ni Jumanne. Vaa viatu, twende pamoja. Uone kwa macho yako. Siku moja tu."

Nikamwambia kazi yangu huanza saa mbili.

"Basi Ijumaa. Nakuomba. Ijumaa."

Nikamwambia tutaona. Ijumaa! Nilikuwa nimesimama kwenye joto la blanketi langu, naye maji yanamtoka kwenye mwavuli yakiingia shingoni.

Ijumaa, 12 Novemba

Sikuamka.

Kazini barua kumi na moja za kufukuzwa zimetiwa sahihi saa sita, kwa kuwa orodha ya Jumanne iliwataja tena wote. Walikusanywa kwenye chumba cha chakula, wakaambiwa warudishe dasti koti na kadi. Kutoka dirishani niliwaona wakivuka ua. Sikuwahi kuwaona pamoja kabla ya leo. Ni watu wazima wote, hakuna hata mmoja mwenye sura ya mzembe. Mmoja ni mzee mwenye mkongojo.

Jumatatu, 15 Novemba

Mama Mitchell ameenda kwao Bungoma na mtoto mdogo. Mitchell amebaki na babake kwa ajili ya shule. Hakuniaga. Wanawake wa ploti wanasema Nicanor aliwapigia wazazi wake simu kutoka dukani, na sasa huko nyumbani wote wanajua mwenzetu alikuwa na siku zake mbili.

Mwanamke wa mlango wa tano ameniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama namjua huyo mwanamume. Nilisema simjui. Sikusema kwamba hakuna mtu kama huyo.

Ijumaa, 19 Novemba

Mvua ilinyesha kutwa kucha, na jana barabara ilifunga karibu na Juja, nikafika saa nne nikafokewa. Leo nimeondoka mapema kwa hofu, nikafika langoni saa kumi na mbili na nusu, mapema kuliko siku yoyote ya maisha yangu pale. Dalmas alicheka, akanipa kiti karibu na kompyuta, kwenye kile kibanda chake, nijikung'ute maji.

Nikakaa nikawaona wanaofika mapema. Sikujua kwamba kuna watu wa namna hiyo. Mwanamke mmoja wa usafi, wanaume wawili wa karakana, msichana wa kupakia. Mmoja mmoja walipitisha kadi, taa ya kijani ikawaka, jina likatokea kwenye skrini. Nilihesabu tisa.

Saa moja kasoro dakika kumi, katikati ya skrini kikatokea kisanduku cha kijivu. Kiliandika kwamba ili kukamilisha marekebisho ya programu, mashine itajizima na kujiwasha yenyewe. Kando kulikuwa na hesabu inayorudi nyuma: hamsini na tisa, hamsini na nane. Nilishika kipanya nikatafuta mahali pa kukataa. Hapakuwa. Nikabonyeza kila kitu. Hesabu ikaendelea. Ilipofika sifuri skrini ikawa nyeusi.

"Si nilikuambia inalala," Dalmas akasema. "Stima."

Lakini balbu iliyokuwa juu yetu ilikuwa inawaka. Na lile sanduku la betri chini ya meza, ambalo hulia stima ikipotea, lilikuwa kimya.

"Inalala kila siku?"

"Hapana. Siku zingine tu. Juzi juzi Jumanne." Akafikiri. "Ijumaa iliyopita pia."

Iliwaka baada ya dakika nne. Saa moja kasoro tano wakaja wale wengi, wanaokimbia, kadi zikapita kama karata. Saa moja lango likafungwa. Nikafungua orodha hapo hapo nimesimama. Waliokimbia wote wamo. Waliochelewa kidogo ambao Dalmas huwaonea huruma, wamo. Wale tisa niliowaona kwa macho yangu, waliofika kabla ya jogoo wa Ruiru, hakuna hata mmoja. Kwa kompyuta walikuwa hawajaja.

Nikaipitia orodha tena kutoka juu. 

Jumamosi, 20 Novemba

Nimempigia Muzammil kutoka kwenye simu ya posta.

"Sasa, dada Nadira," akasema, mchangamfu.

Nikamweleza. Hakushangaa hata kidogo. "Eeh, hiyo najua. Ile update iko na sehemu mbili. Ya pili lazima mashine izime na iwake ndio ikae. Sasa kuna faili inashikwa na programu ya kadi, haiwezi kumaliza, kwa hivyo inajaribu tena. Niliipangia mara mbili kwa wiki, hiyo saa ya asubuhi, nikijua hakuna mtu."

"Nani alikuambia hakuna mtu?"

"Kazi inaanza saa moja, si ndiyo? Nani hufika mapema?"

Nikamuuliza zile kadi zinakwenda wapi. Akasema hukaa kwenye kumbukumbu ya muda, na huandikwa kwenye diski saa moja kamili. Mashine ikizima kabla, zimeenda. "Lakini si neno, nilimwambia Bwana Dismas, kitu ya nusu saa tu kurekebisha. Akasema ningoje mpaka cheti kitoke."

"Ulimwambia lini?"

"Oktoba. Kama tarehe ishirini hivi."

Simu ilikata, sarafu zilikuwa zimeisha. Nilibaki nimeishika. Tarehe ishirini. Barua za onyo zilikuwa bado hazijaandikwa.

Jumatatu, 22 Novemba

Bwana Dismas aliniambia nifunge mlango, nikae. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukana.

"Nadira, wakaguzi wa cheti wanakuja Desemba. Nikifungua mashine sasa na kuandika kwamba programu ina kasoro, tunaanza upya, na wanunuzi wanaenda kwingine. Hapo ni watu mia nne, si kumi na mmoja."

"Lakini hao kumi na mmoja walikuja kazini."

"Tulikuwa tupunguze watu mwaka ukiisha hata hivyo. Na kupunguza kuna mambo, kuna barua za wizara, kuna vikao. Mtu asiyekuja kazini anajiondoa mwenyewe." Alisema hivyo bila ubaya usoni, kama mtu aliyeokota mwavuli barabarani siku ya mvua. Kisha akavuta faili. Ndani ilikuwa karatasi ya tarehe nne Oktoba. "Hii sahihi ni ya nani? Na orodha hizi, chini hapa, kuna jina la nani?"

Langu. Zote.

Nilirudi kwenye meza yangu. Nikatoa orodha ya siku.

Jumanne, 30 Novemba

Nimetoa orodha. Wamekosa saba.

Ijumaa, 3 Desemba

Nimetoa orodha.

Alhamisi, 9 Desemba

Siku ya kwanza ya mfungo wa Ramadhani. Mvua imepungua, matope yanaanza kukauka yakiwa na nyayo ndani.

Nilimweleza Mama wakati wa kufuturu, yote, na nilidhani atanipa neno la kunipoza. Aliendelea kutafuna tende yake. "Unaniambia mimi ili iweje?" akasema. "Mimi si Nicanor." Akanipa uji. 

Jumamosi, 11 Desemba

Nimeenda mlango wa pili.

Nicanor alikuwa akimsuka Mitchell nywele, vibaya, mistari imepinda. Nilimwomba mtoto atoke nje, kisha nikasema. Nilianza na programu, na fundi, na kisanduku cha kijivu, nikaeleza sana. Aliniacha nimalize.

"Kwa hivyo alikuwa kazini," akasema.

"Ndiyo."

"Jumanne."

"Ndiyo, Baba Mitchell."

"Na Ijumaa."

Aliitazama mikono yake, akaigeuza huku na huku. Nilifikiri atanipiga, na nusu yangu ilitaka anipige tuwe sawa. Akasema, "Mimi nilimpiga kwa mdomo wako." Halafu, "Hapana. Nilimpiga kwa mkono wangu. Toka kwa nyumba yangu, Nadira."

Jumanne, 14 Desemba

Kwa wiki tatu nilikuwa naogopa kupoteza kazi. Leo niliamka nikaona ninachokiogopa ni kutoa orodha nyingine. Niliomba ruhusa ya daktari, nikaenda ofisi ya leba, ya serikali ya mambo ya kazi, hapa Thika na nakala zote za Oktoba na Novemba ndani ya mkoba wa Mama wa kwenda msikitini. Afisa alikuwa mwanamke mwenye mafua. Nilidhani itabidi nimbembeleze. Aliweka kidole kwenye tarehe, akachukua kalenda ya ukutani kama nilivyoichukua mimi ile siku ya Oktoba, akahesabu.

"Watu kumi na mmoja wote wanaugua siku moja?" akasema. "Na hakuna aliyeona?"

Nikamwambia mimi niliona. Tarehe ishirini na moja Oktoba.

"Na ukafanya nini?"

Aliandika jibu langu. Lilikuwa fupi.

Jumatano, 29 Desemba

Imekwisha, kwa namna yake. Afisa alikuja kiwandani mara mbili. Leo wale kumi na mmoja wameandikiwa kwamba kampuni, "baada ya kuzingatia upya", inawaruhusu kurudi Januari. Kompyuta haikutajwa popote. Muzammil alikuja akairekebisha wakati wa chakula cha mchana, nusu saa kama alivyosema. Wakaguzi walishapita, cheti kimetundikwa ukutani kwa kioo.

Mkataba wangu unaisha keshokutwa na hautaandikwa upya. Bwana Dismas alinipa mkono. Akasema mimi ni mchapakazi, nitapata pengine.

Jumatatu, 3 Januari 2000

Karatasi hii ni ya daftari la kawaida, nimeibandika kwa gundi. Nasikia mashine imeingia mwaka mpya bila hata kukohoa, na mameneja wamekula keki.

Nimeshinda nyumbani. Anga ni kavu, jua la vumbi.

Jumatano, 5 Januari

Mama Mitchell amerudi.

Nilikuwa nafua kwenye bomba la ua. Aliingia na mtoto mgongoni, akampita Nicanor mlangoni bila kumsalimu. Nicanor akasogea kumpisha, kichwa chini. Alifunga nguo za Mitchell na vyombo vyake kwenye shuka. Atarudi kazini Jumatatu, amepata chumba Ruiru, karibu na lango, yeye na watoto. Nicanor alisema jambo, sikulisikia. Jibu lake nililisikia: "Utakuja na wazee wako. Lakini si leo."

Kisha akanijia.

Nilikuwa nimejiandaa mwezi mzima. Nikasema nisamehe, Mama Mitchell, kumbe ilikuwa ile kompyuta, ilikuwa inajizima...

"Trizah alinieleza," akasema. "Kompyuta sina shida na yeye. Hanijui. Lete kalamu."

Nikaleta kalamu na karatasi. Alisimama karibu yangu hapo kwenye ukingo wa bomba, mtoto amelala mgongoni.

"Kwetu wamesikia, kwa kina Nicanor wamesikia, kanisani nimekaa benchi la nyuma kama mgonjwa. Sasa wewe utaandika, na mimi nitabeba. Andika."

Nikaandika kwamba kutokana na kasoro ya programu ya kompyuta, ilitokea kwamba...

Alisoma juu ya bega langu. "Futa hapo. Si kompyuta ilimwambia mume wangu. Kompyuta haina mdomo."

Nikafuta. Nikaandika upya, nikafuta tena, mara tatu. Mwishowe ilikuwa hivi:

*Mimi Nadira Swaleh wa Kiganjo, Thika, nasema kwamba Selpha Nakhumicha alikuwa kazini kila siku, Jumanne na Ijumaa pia. Mimi ndiye niliyemwambia mume wake kwamba hakuwako. Sikuwa nimeona kwa macho yangu. Hakuna mwanamume.*

"Ongeza," akasema. "Ongeza kwamba nilikuomba."

Mkono wangu ulikuwa na sabuni, kalamu ikateleza. Nikaongeza: *Aliniomba niende naye asubuhi moja nikaone, nami sikwenda.*

Nikatia sahihi na tarehe. Nikadhani ataichukua. Hakuichukua.

"Isome," akasema. "Kwa sauti. Hapa."

Milango ilikuwa wazi kwa sababu ya joto. Mama alikuwa amekaa kizingitini kwetu. Nicanor alikuwa amesimama kwake, na Mitchell amemshika shati. Wanawake walitoka mmoja mmoja na vijiko vyao. Nilisoma. Nilifika mpaka mwisho.

Hapo ndipo yule wa mlango wa tano akazima redio, akatoka nje akiuliza kuna nini.

Mama Mitchell akampandisha mtoto mgongoni, akakaza leso.

"Huyo hakusikia," akaniambia. "Anza tena."

Nikaanza tena, kutoka kwa jina langu.